Kijiji Kisichokula Nyama

Kwanza mashine ya mjini ilitunyima nyama ya kusaga, na hatukugundua. Halafu ikaondoa soseji, kisha bekoni, na bado hatukugundua, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote mwenye akili timamu. Ila ilipofika Novemba na Gunnvor akatutangazia kwamba mwaka huu dukani hakutaletwa mbavu za nguruwe za Krismasi, kijiji chetu kizima cha Tvengsmoen kiliwaka moto.

Gunnvor ndiye mwenye kuendesha duka letu. Si mali yake. Duka ni la ushirika, na sisi wanakijiji wote ni wanachama. Kila mmoja ana kadi. Unaponunua kitu, hata kiberiti, kadi inalia kwenye mashine ya malipo, na mwisho wa mwaka unarudishiwa kidogo. Mlio ule unakwenda moja kwa moja hadi mjini, makao makuu, ambako kuna mfumo unaokumbuka kila kitu: nani kanunua nini, siku gani, na pamoja na nini. Mfumo huohuo ndio unaopanga lori la Jumatatu lipakie bidhaa gani. Gunnvor haagizi siku hizi. Anapokea tu.

Mfumo ulikuwa pia unatutumia kuponi kwenye simu, kila mtu zake, ukidai unatujua. Mimi nilipewa punguzo la dengu nyekundu. Mume wangu Torgeir alipewa la maziwa ya shayiri, yeye ambaye kwa mboga anajua viazi tu, tena viazi vyenyewe viwe vimelala kwenye mafuta. Tulicheka sana. Tulionyeshana simu na kuwacheka watu wa mjini kwa ujinga wao.

Torgeir ni mwenyekiti wa kamati ya kijiji, na damu yake huchemka upesi. Aliwapigia simu makao makuu akawaambia kwamba Krismasi bila mbavu si Krismasi, kwamba babu zetu ndio waliojenga duka lile kwa mikono yao, na kwamba anataka mtu aje atueleze uso kwa uso. Wakamjibu kwa upole kuwa hata wao walikuwa wanapanga kuja. Hilo lilimpa kiburi. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaalika watu kwenye ukumbi wa kijiji kana kwamba amewashinda watu wa mjini vitani.

Sasa niseme lile ambalo kwetu halisemwi. Mpaka wa Uswidi si mbali na Tvengsmoen, na ng'ambo ya mpaka nyama ni rahisi mno. Kila nyumba ina friza chini, na kila friza imejaa nyama ya Uswidi. Kila mtu anajua, na hakuna anayejua. Ukiondoka unasema unakwenda kumwona shangazi au daktari wa meno. Ukirudi unaegesha gari kinyumenyume hadi mlangoni ili mifuko isionekane barabarani. Na ukikutana na jirani katikati ya majokofu ya duka la kule, basi nyote wawili mnageuka kutazama jibini mpaka mmoja apite. Serikali inaruhusu kila kichwa kivushe mpakani kiasi chake cha nyama, kwa hiyo sisi tulikuwa tukimbeba mama mkwe wangu, Mama Borghild, mwanamke wa miaka themanini na kitu, ili kichwa chake kihesabiwe. Tulimnunulia aiskrimu akakaa garini. Nilimpenda zaidi siku hizo kuliko siku nyingine, na sijivunii kusema hivyo.

Kwa Gunnvor tulinunua maziwa, hamira, mishumaa, chakula cha paka. Tulikwenda pia kuchukua vifurushi, maana duka ndilo posta yetu. Alikuwa akitukabidhi mikononi maboksi ya vitu tulivyoagiza kwingine na kutuuliza habari za watoto. Halafu tukisimama kwenye mikutano tulisema "duka letu" hadi machozi yanatulenga.

Ukumbini siku ile kulikuwa na kahawa na keki, na watu walijaa hadi ukutani. Aliyetumwa na ushirika aliitwa Tiril Sandengen, mwanamke mchangamfu wa makamo, mwenye kompyuta yake chini ya kwapa. Torgeir alimsalimia kwa ubaridi na kuanza hotuba aliyoiandaa, habari za babu zetu na mikono yao. Tiril alimsikiliza mpaka mwisho akitabasamu. Kisha akasema hakuja kugombana nasi. Amekuja kutupongeza.

Akawasha kompyuta, na ukutani zikatokea nguzo za rangi. Alitueleza kuwa makao makuu wametazama manunuzi ya wanachama wote wa mkoa, kijiji kwa kijiji, miaka minne nyuma. Katika mkoa mzima hakuna mahali watu wameacha nyama kama Tvengsmoen. Nguzo yetu ilikuwa fupi hivi kwamba tuliokaa nyuma hatukuiona. Alisema wakubwa wake hawakuamini mwanzoni. Kijiji cha msituni, wazee wengi, hakuna aliyewahubiria, na kumbe wameamua wenyewe kimyakimya kubadili maisha yao.

Nilimtazama Torgeir, alikuwa anatazama viatu vyake.

Tiril akaendelea, na kadiri alivyotusifu ndivyo ukumbi ulivyozidi kuwa mzito. Alikiri kwamba kwa mauzo peke yake duka la Gunnvor lilikuwa kwenye orodha ya kufungwa baada ya mwaka mpya. Watu wananunua kidogo mno. Lakini yeye aliwaomba wakubwa wake walitazame kwa jicho lingine: lifanywe duka la mfano, duka la kwanza nchini lisilouza nyama kabisa, na ushirika uligharimie kwa miaka mitatu. Mwandishi wa gazeti angekuja wiki inayofuata. Alichohitaji ni Gunnvor na kamati waseme tu kwamba ndivyo tulivyo.

Nilihisi joto likinipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Si kwamba tulishikwa. Kushikwa kungekuwa nafuu. Mtu alikuwa amesimama mbele yetu anatupa heshima tusiyostahili, na ili kuikataa ilikuwa lazima useme kwa nini. Na duka lilikuwa linaning'inia hapohapo, kwenye mdomo wa yeyote atakayeufungua.

"Ni nyumba moja tu ndiyo inayoturudisha nyuma," Tiril alisema, akicheka kidogo. "Sheria hainiruhusu kuitaja. Lakini kuna kadi moja hapa inayonunua nyama kila wiki. Na mbavu kila Krismasi, tena vipande viwili vitatu."

Ukumbi ukapata pumzi. Watu wakaanza kugeuka huku na huku na kutazamana kwa furaha ya ajabu, kama watoto waliogundua kuna mwingine atakayechapwa. Kåre Myhren, jirani yetu, fundi wa matrekta ambaye hajawahi kuacha nafasi ya utani impite, alinyanyua kikombe chake.

"Huyo tumtafute," alisema. "Anatutia aibu kijiji kizima. Jitokeze wewe mla nyama, tukuone!"

Tukacheka. Nakiri nami nilicheka, tena kwa nguvu.

"Ni mimi, Kåre," Gunnvor alisema.

Alikuwa amekaa karibu na sahani za keki, bado amevaa koti la kazi lenye nembo ya ushirika. Hakupandisha sauti. Gunnvor si mtu wa kupandisha sauti. Miaka yote niliyomjua, akikasirika hupanga rafu.

Kåre akamuuliza, bado anacheka kidogo, kwamba kwa kuwa Gunnvor anaishi peke yake, nyama yote hiyo alikuwa anaipeleka wapi.

"Mbwa wako amenenepa, hujaona?" Gunnvor alisema. "Nilikuwa namkatia kila jioni akipita. Mimi mwenyewe simalizi hata robo."

Hakuna aliyecheka tena. Tiril alikunja uso, anajaribu kuelewa. Akamuuliza Gunnvor kwa nini anunue kitu asichokila.

"Kwa sababu ya mfumo wenu," alisema Gunnvor. "Kitu kisiponunuliwa, hamkileti tena. Mkishakifuta, kukirudisha ni kazi. Kwa hiyo nilikuwa nanunua mwenyewe ili kisifutwe. Nikijua siku watakaporudi, watakikuta. Mwaka huu nimeshindwa. Mshahara haufiki."

"Watakaporudi kutoka wapi?" Tiril aliuliza.

Gunnvor alichukua kisu akaanza kukata keki ambayo tayari ilikuwa imekatwa. Ndipo nilipoelewa kwamba hatajibu. Angeweza kutumaliza kwa neno moja, na alikuwa na haki, lakini alikuwa anatuachia neno hilo tuliseme wenyewe. Au tusiliseme, basi angeikubali hadithi ya Tiril kwa niaba yetu, apigwe picha gazetini na dengu zake, na kutulinda hadi mwisho.

Nilimsubiri Torgeir. Mwenyekiti ni yeye. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Masikio yake yakawa mekundu kama ya mtoto. Miaka thelathini ya ndoa, sijawahi kumwonea huruma na hasira kwa wakati mmoja namna ile.

"Uswidi," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikaona kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Nilimwambia Tiril kwamba nyama tunakula, tena sana, kwamba friza zetu zimejaa, kwamba hata mama mkwe tunambeba. Mama Borghild, aliyekuwa pembeni yangu, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye alidhani tunampeleka kutembea. Hilo lilinichoma kuliko yote niliyoyasema mwenyewe, na sikujua niweke wapi uso wangu.

Tiril alifunga kompyuta polepole, na nguzo zikapotea ukutani. Hakutukaripia. Alisema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba mfumo unaona kila kitu tunachonunua kwao, lakini tusichonunua hauwezi kukiona. Unadhani tu hatukitaki. Torgeir akapata nguvu hapo, akaanza kuuliza kwani nani aliwaruhusu watuchunguze, miaka minne, kila wiki, hadi chakula cha paka. Tiril akamjibu kwamba tulikubali wenyewe siku tulipochukua kadi. Torgeir akakaa.

Mwishowe Tiril alizungumza na Gunnvor peke yake, ila sote tulisikia. Habari ya duka la mfano imekufa. Bila hiyo, mauzo ni mauzo, na wakubwa watalifunga. Kitu pekee anachoweza kufanya ni kulazimisha kreti moja ya mbavu iletwe kabla ya Krismasi. Zikinunuliwa kwa kadi nyingi, na nyumba nyingi, atakuwa na kitu cha kuonyesha: kwamba watu wa Tvengsmoen wamerudi. Zikibaki, asimlaumu.

Sote tukaapa. Watu walimshika Gunnvor mkono wakati wa kutoka, mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama. Kåre alipitia mlango wa nyuma.

Ungedhani kesho yake dukani pangejaa. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini asubuhi nilivaa viatu, nikafika hadi kwenye sanduku la barua, nikaona taa ya dukani inawaka na kivuli cha Gunnvor kinapita dirishani, na miguu ikakataa. Ningemwambia nini? Ningeweka maziwa na hamira pale mbele yake, vitu vyangu vilevile, na kadi ilie? Au ningenunua vingi ghafla, ajue ni aibu inayonunua? Nikarudi nyumbani nikanywa kahawa bila maziwa. Torgeir alisema atakwenda yeye. Alichukua gari, akarudi na maziwa ya kituo cha mafuta kilichoko barabara kuu, akayaweka mezani. Sikumuuliza.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Kutoka dirishani kwangu duka linaonekana vizuri, na mimi nilikaa hapo zaidi ya inavyofaa. Niliona magari yakipunguza mwendo karibu na duka, kisha yakiongeza. Niliona mke wa Kåre akipita upande wa pili wa barabara, ameinamisha kichwa, na hakukuwa na upepo. Hata vifurushi havikuchukuliwa. Tulikuwa tumemsaliti kwa miaka na kila siku tukimtembelea. Sasa tulipokuwa tunamwonea aibu ya kweli, tulimwacha peke yake kabisa.

Kreti ililetwa na lori la Jumatatu. Nililiona lori. Nikasema moyoni, wengine watakwenda. Mama Borghild, ambaye tangu ule mkutano alikuwa ananisemesha kwa kifupi, aliniuliza kama nimeshachukua mbavu zetu. Nilimwambia nyumba zenye watoto zichukue kwanza. Alinitazama.

"Unamwogopa Gunnvor?" aliuliza.

"Simwogopi, Mama. Siwezi kumtazama tu."

"Haya. Mwache afunge duka ili usimtazame," alisema, akarudi kwenye kazi yake ya kufuma.

Siku moja kabla ya mkesha, duka lilikuwa lifungwe adhuhuri hadi baada ya sikukuu. Nilivaa koti bila kufikiri na kuvuka barabara kwa haraka, nisije nikapata nafasi ya kujishauri. Kengele ya mlango ililia. Dukani hakukuwa na mtu. Mshumaa uliwashwa kwenye kaunta, kama anavyofanya kila Desemba, na kulikuwa na bakuli la biskuti za tangawizi ambazo hakuna aliyezigusa.

Gunnvor alikuwa ameketi kwenye mashine ya malipo, upande wa mteja. Kreti ilikuwa miguuni pake, imejaa. Alikuwa anazipitisha mbavu moja moja, na mkononi alikuwa ameshika kadi yake mwenyewe.

Aliponiona alishtuka, akaificha ile kadi mfukoni. Uso wake ukawa mwekundu. Ndipo nikashindwa kabisa kuvumilia, maana kati yetu wawili, aliyeona aibu alikuwa yeye.

"Nilitaka tu wasiseme hazikununuliwa," alisema.

"Tiril alisema kadi nyingi, Gunnvor. Wataona ni kadi ileile moja."

"Najua." Akaiweka mbavu chini. "Nilikuwa najaribu tu."

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote, na yangekuwa mzigo mwingine wa kumpa abebe. Nikasogea upande wa mteja, akahamia upande wake, na nikaweka kadi yangu juu ya mashine. Nikamwambia anipe moja. Akaniuliza, kwa sauti ya kazi, kama friza ina nafasi. Nikamwambia haina, nitatoa kitu. Kadi ikalia. Nilimtazama usoni wakati inalia, nikalazimisha macho yangu yakae palepale, na yeye akanitazama. Ilikuwa ngumu kuliko lile neno la ukumbini.

Nikamwambia azifute kwenye mashine zile alizojipigia, azirudishe kwenye kreti, na asifunge duka bado.

Nikatoka kwenda kuwaita wenzangu nyumba kwa nyumba, na ya kwanza ilikuwa ya Kåre. Nilikuwa nimejaza mdomo maneno makali njia nzima, ya mbwa na ya kikombe chake alichokinyanyua. Nikagonga, na mlango ukafunguka papo hapo, kana kwamba kulikuwa na mtu anayesubiri nyuma yake. Kåre alikuwa amevaa koti, kofia na viatu vya theluji, na kwenye kiganja chake kulikuwa na kadi ya ushirika. Nyuma yake kulikuwa na kiti cha jikoni kimewekwa kwenye korido, kinatazama mlango.

"Nimekaa hapa tangu asubuhi," alisema. "Jana pia nilikaa. Navaa, nakaa, siwezi kutoka."

Yale maneno makali yakaniishia. Nikamwambia hata mimi sikuweza. Aliniuliza kama Gunnvor amekasirika, nikamwambia ingekuwa afadhali. Macho yake yalikuwa na maji, mtu mzima yule, fundi wa matrekta, na alishika fremu ya mlango bila kuiachia.

Nikamshika mkono na kumvuta nje, akafuata. Ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la jirani wa pili, pazia lilisogea, na nyuma yake mtu mwingine alikuwa amesimama akiwa amevaa koti.